Kikohozi cha Jumatatu na Alhamisi

Ikungi,
9 Machi 1975

Shemeji yangu Urbano,

Pokea salamu zetu. Dada yako Felista hajambo, watoto hawajambo, ila Leah ameng'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka mbele za watu. Mvua zimekuja vizuri na uwele wetu umesimama. Shamba la kijiji nalo limelimwa kwa kuvutana, maana kila mtu anangoja mwenzake ashike jembe kwanza. Mbuzi wako wawili wapo, mmoja ana mimba. Tunatumaini nawe huko Itigi unaendelea na kazi ya reli bila ajali.

Sasa jambo lenyewe, na ningependa lingekuwa jingine. Mkwe, mama yako, ameshtakiwa.

Unajua tulivyohamishiwa hapa kijijini mwaka jana. Mama yako alihama kama wote, lakini kila baada ya siku chache alikuwa anarudi kwenye tembe lake la zamani kufagia na kulala. Mwezi uliopita mgambo walitumwa kubomoa mapaa ya matembe yaliyobaki ili watu wasirudi tena. Mmoja alipopanda juu ya tembe la mkwe na kuanza kung'oa boriti, mkwe alimngoja ashuke, akampiga kwa mpini wa jembe. Mkono wa kijana wa watu umevunjika kweli, siwezi kusema haukuvunjika.

Alhamisi alifikishwa Mahakama ya Mwanzo. Hakimu ni mgeni, ametoka upande wa ziwani, mtu mpole. Alisema kwa umri wa mshtakiwa hatamweka rumande Singida mjini, atampa dhamana kwa masharti. Asitoke kijijini, na kila Jumatatu na Alhamisi aende kwa balozi wake wa nyumba kumi akaonekane, balozi atie sahihi kwenye daftari mpaka siku ya kesi. Akauliza, "Balozi wake ni nani? Asimame." Nikasimama mimi.

Urbano, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Tangu nimwoe dada yako, huu mwaka wa kumi na moja, sijamtazama mkwe usoni hata mara moja. Nikimwona njiani naingia porini, naye anajitanda kanga na kugeuka. Ilikuwa imeshatutosha aibu ya kupangwa hapa kwa mstari. Aliyepima viwanja hakuuliza nani ni nani kwa nani, akaweka mlango wa mkwe utazamane na wangu, mpaka nikauziba wangu na kutoboa mwingine nyuma. Sasa naambiwa nimtazame mara mbili kwa wiki na kuandika kwamba nimemwona! Wazee wa baraza wote wawili wanajua mila zetu, na wote walitazama chini. Hakimu akaniuliza, "Unamfahamu?" Nikasema namfahamu. Nilipaswa kusema pale pale kwamba ni mkwe wangu. Niliogopa kwamba nikikataa atapelekwa rumande, na niliona haya kumweleza mgeni mambo yetu mbele ya ukumbi mzima. Nikanyamaza, nikapewa daftari.

Njoo, shemeji. Wewe ni mwanawe, unaweza kumtazama. Ukisimama mbele ya hakimu na kusema utamsimamia wewe, atakubali. Kesho Jumatatu ndiyo mara ya kwanza na sijui nitafanyaje.

Shemeji yako,
Alute


Itigi,
31 Machi 1975

Shikamoo shemeji Alute,

Barua yako ilifika mapema, ila mimi ndiye niliyechelewa. Mvua ilikula tuta la reli upande wa Kazikazi na genge letu la mafundi tumelala kwenye mahema wiki mbili. Mwambie Leah acheke tu, hata sisi wakubwa tuna mapengo. Pasaka imepita kimya, nilipika wali nikala peke yangu kama mseja nilivyo.

Habari ya mama imenisikitisha. Mama ni mkali tangu zamani, hata baba marehemu alikuwa anaongea naye akiwa mlangoni, mguu mmoja nje. Lakini shemeji, wewe ndiye balozi, wewe ndiye mtu wa chama, nani atamsimamia vizuri kuliko wewe? Mama ana miaka sitini na ushei, ataenda wapi? Wewe tia sahihi tu.

Mimi kuja siwezi kwa sasa. Likizo hapa ni ngumu. Msimamizi wetu, Mzee Ignas, ni mtu wa kufuata karatasi. Tena nakuomba jambo dogo: habari za mama usizitaje kwa mtu yeyote anayekuja Itigi, na usimtume mtu kunitafuta kazini. Nina sababu. Nimempa dereva wa basi kitenge cha mama, cha kijani chenye majogoo. Felista atampa.

Wako,
Urbano


Ikungi,
20 Aprili 1975

Shemeji Urbano,

Hatujambo. Mbuzi wako amezaa mapacha, dume na jike. Felista amekuwa na homa lakini ameinuka. Kitenge kimefika, na nimesikia mkwe amekishona siku ile ile.

Umeniambia nitie sahihi tu. Basi nikueleze ninavyotia, ili ujue umenituma kazi gani.

Jumatatu ile ya kwanza niliamka mapema nikaketi ndani na daftari magotini kama mtoto anayengoja kuchapwa. Nilisikia hatua zake zikija mpaka nyuma ya ghala la uwele, zikasimama. Nikafungua daftari. Halafu akakohoa. Nikaelewa. Nikaandika tarehe, nikatia sahihi, nikakohoa na mimi, akaondoka. Tangu siku hiyo ndiyo kazi yetu. Anakohoa, natia sahihi, nakohoa, anakwenda.

Karani wa mahakama aliandika maneno juu ya kila ukurasa: "Nimemwona mshtakiwa kwa macho yangu." Mimi natia sahihi chini yake. Kila ninapotia sahihi nasikia uso unaniwaka, ingawa niko peke yangu chumbani. Nimejaribu kujiambia kwamba kikohozi chake nakijua kuliko wengi wanavyozijua sura za jirani zao. Ni kweli nakijua, lakini karani hakuandika "kwa masikio yangu".

Watu wameanza kunitania. Juzi kilabuni mtu mmoja alikohoa nyuma yangu, mwingine akasema, "Balozi, tia sahihi!" Wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Nilicheka nao, nikarudi nyumbani sikula.

Kesi imepangwa Alhamisi tarehe 22 Mei. Asipoonekana siku hiyo dhamana inafutwa na anakwenda rumande mpaka hukumu, hakimu amesema wazi. Njoo kabla ya hapo, hata siku mbili tu, unitoe katika uongo huu. Mkwe mwenyewe anakuulizia. Felista anasema kila jioni anauliza kama basi la Manyoni limepita na nani ameshuka. Na hizo sababu zako ni sababu gani? Umeoa kwa siri? Umefukuzwa kazi? Sema, mimi si mtoto.

Alute


Itigi,
4 Mei 1975

Shemeji,

Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Sikufukuzwa kazi, wala sijaoa. Kuja siwezi. Usinisukume, nakuomba kwa heshima. Mwambie mama kazi imebana. Mwambie nitakuja kesi ikiisha, nitamjengea jiko.

Mbuzi mmoja mchinjieni mama.

Urbano


Ikungi,
25 Mei 1975

Urbano,

Dada yako analia tangu jana na watoto wapo kwa jirani. Hizo ndizo salamu za leo.

Mama yako yuko rumande Singida mjini. Mimi ndiye niliyempeleka huko, kwa kalamu hii hii ninayokuandikia.

Alhamisi niliondoka alfajiri na daftari kwapani. Jumatatu alikuwa amekohoa, nikatia sahihi. Alhamisi yenyewe nilitia sahihi kabla hata ya kikohozi, maana nilijua tunakwenda sote mahakamani, yeye atafuata nyuma na wanawake. Jina la mshtakiwa likaitwa, hakuna aliyejibu. Likaitwa mara tatu. Hakimu akaniita mbele.

"Balozi, mshtakiwa wako yuko wapi?"

"Anakuja, mheshimiwa."

"Mara ya mwisho umemwona lini?"

"Leo asubuhi."

"Amevaa nini?"

Nikatazama daftari. Akaniuliza amevaa nini Jumatatu. Akaniuliza kama ni mrefu au mfupi. Mwisho akasema, kwa upole tu, "Basi taja jina lake." Na hilo nalo nikashindwa, Urbano. Jina la mkwe halijapita mdomoni mwangu hata siku moja. Nilisimama pale mtu mzima, balozi wa chama, sina jina wala nguo wala sura ya mtu niliyeandika mara ishirini na mbili kwamba nimemwona kwa macho yangu. Ukumbi ulicheka, halafu ukaacha kucheka, na huko kuacha kulikuwa kubaya zaidi. Ndipo mzee mmoja wa baraza akasema chini chini, "Mheshimiwa, huyo ni mkwewe."

Hakimu aliweka kalamu chini. Akawauliza wale wazee kwa nini hawakumwambia siku ya kwanza, wakatazama miguu yao. Hakunikaripia, na ningependa angenifunga. Alisema, "Ungeniambia, ningempa mtu mwingine. Nisingemweka ndani kwa sababu ya mila yenu." Akachukua daftari, akafuta dhamana.

Nilipofika nyumbani nikamwuliza Felista nani alikohoa Jumatatu.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Mama aliondoka Ijumaa ya wiki iliyopita. Alisema anakwenda na kurudi kabla ya kesi, nisiulize wala nisikuambie. Mume wangu, ungenituma hata mara moja nikamtazame ningekuambia ukweli. Hukutuma. Nikakohoa."

Niliinua mkono, nikaushusha. Ningempiga kwa kosa la nani?

Mkwe alirudi jana Jumamosi, miguu imevimba. Mgambo wakamchukua hata hajanywa maji. Hajasema alikokwenda. Polisi walimwuliza, Felista alimwuliza, amefunga mdomo.

Walipomfikisha kwa hakimu jana hiyo hiyo, ilibidi nieleze pia habari ya kikohozi cha Felista, naye hakimu ametoa nafasi moja. Alhamisi tarehe 12 Juni, akitokea mtoto wa kumzaa anayeweza kukaa naye nyumba moja na kumtazama, atamwachia tena mpaka kesi. "Nataka mtu mwenye macho," ndivyo alivyosema, na watu wote wakanigeukia. Watoto wake ni wewe na Felista, na Felista amekataliwa kwa sababu ya kikohozi. Umebaki wewe. Sasa sikuombi tena. Ukikaa huko na sababu zako, mama yako atalala sakafuni rumande mpaka hukumu, na utajua ni kwa ajili yako kama mimi ninavyojua ni kwa ajili yangu.

Alute


Itigi,
8 Juni 1975

Shikamoo shemeji,

Nimempa dereva barua hii aje nayo leo. Mimi naondoka keshokutwa. Nakuandikia ili usome kabla hujaniona, kwa sababu nikiwa mbele yako sitaweza kusema.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana rafiki yangu alioa Tabora. Nilitaka kwenda. Mzee Ignas alisema hakuna ruhusa isipokuwa mtu amefiwa na mzazi. Baba alishakufa na alilijua hilo, niliomba ruhusa wakati ule. Akabaki mama. Nikasema mama amekufa.

Nilicheza ngoma siku tatu. Niliporudi nikakuta wenzangu wamenitandikia mkeka nje ya nyumba, wamekaa wananingoja wanipe pole. Mke wa Isaka, fundi mwenzangu, alikuwa amenipikia. Mzee Ignas aliniambia amesali rozari kwa ajili ya marehemu, akaniuliza jina lake ili amwombee Misa. Nikamtajia Elina. Shemeji, wewe jina la mama huwezi kulitamka kwa heshima. Mimi nililitamka, likasomwa kanisani kati ya wafu, na mimi nimepiga magoti benchi la pili.

Hizo ndizo sababu zangu. Ulipoandika nije nimsimamie mama mahakamani, ningeomba ruhusa ya kwenda kwa mama yupi? Nilijiambia kesi itapita yenyewe. Nilijiambia uongo wa siku tatu si uongo mkubwa. Kumbe nilikuwa namzika tena kila barua yako inapofika.

Juzi nilikwenda ofisini kwa Mzee Ignas nikamwambia yote, mlango ukiwa wazi na wenzangu wanasikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo nimemwombea pumziko la milele mtu anayelima." Hakuna aliyecheka. Akanipa siku tano, akasema si kwa ajili yangu, na barua ya onyo nitaikuta nikirudi.

Nilipotoka, Isaka alinifuata mpaka kwenye tangi la maji.

"Urbano, yule mama aliyekuja mwezi uliopita ni nani?"

"Mama yupi?"

Akanieleza. Jumamosi moja, sisi tulikuwa kwenye trolii mbali, mama mmoja alishuka kwenye treni ya Manyoni akamwulizia Urbano wa genge la reli. Isaka alikuwa zamu ya stesheni. Kabla hajamwuliza yeye ni nani, akamwambia, "Pole mama, Urbano hayupo, na tangu afiwe na mama yake tunajitahidi kumpa kazi za mbali ajisahau." Anasema yule mama alikaa juu ya mzigo wake. Baadaye akasema, "Mimi ni mdogo wa marehemu. Nimekuja kumpa pole." Wakampeleka nyumbani kwao, Redempta mkewe akampikia uji, majirani wakaja mmoja mmoja kumshika mkono na kumwambia pole kwa msiba wa dada yako. Alipokea zote. Siku mbili alikaa ananingoja, na sikurudi. Alipoondoka akawaomba wasiniambie kwamba alifika, eti watanitonesha kidonda.

Nilimwuliza Isaka alivaa nini. Akasema kitenge cha kijani chenye majogoo.

Usimwambie Felista mpaka nifike.

Urbano


Itigi,
6 Julai 1975

Shikamoo shemeji Alute,

Tulifika salama, mimi na mama. Wasalimie watoto. Hakimu alivyomruhusu kukaa nami Itigi mpaka kesi ya tarehe 31 ulisikia mwenyewe, ingawa muda wote ulikuwa umegeukia ukuta. Ulisikia pia niliyoyasema mbele ya watu, kwamba mimi ni mwanawe na kwamba nilimwua kwa mdomo ili nikacheze harusi. Nakushukuru kwamba tulipotoka nje hukunisema, ulinipa maji tu.

Kuna jambo ambalo hukuliona, na sikuweza kulisema siku ile. Kabla ya kesi kuitwa, polisi walimteremsha mama kwenye gari uani. Nikamkimbilia. Askari akanizuia, akamwuliza, "Mama, huyu ni nani wako?" Mama akanitazama kutoka chini mpaka juu, polepole. Akasema, "Ni mtoto wa dada yangu. Dada yangu alikufa mwaka jana." Hakusema kwa hasira. Nadhani alikuwa bado ananilinda, alidhani kuna watu wa Itigi pale. Au alikuwa ananirudishia. Sijui, na sithubutu kumwuliza.

Ndani ya basi hakunisemesha. Lori lilivyomharibikia Manyoni akakosa siku ya kesi, nimeyasikia kutoka kwa Redempta, yeye anamwambia kila kitu. Majirani walikuja kumwamkia na aibu zao, wengine wanacheka, wengine wanashindwa kukaa. Mama anacheka nao. Amewaambia uji wa matanga yake ulikuwa na sukari kidogo. Mimi nikiingia ananyamaza, ananipakulia chakula, anatoka kwenda kuota jua.

Umeniuliza habari za daftari. Hakimu alinipa jipya, maneno ni yale yale ya karani. Jumatatu ya kwanza niliketi mezani nikamwita. Alikuja akasimama mbele yangu, akaondoa kanga kichwani. Nilikuwa nadhani wewe unazuiwa na mila na mimi sina cha kunizuia. Shemeji, sikuweza kuinua uso. Nilijifanya natafuta kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi.

Akasema, "Nitazame."

Nikamtazama. Amezeeka kuliko nilivyokuwa namkumbuka.

"Umeona niko hai?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika."

Urbano